Kicheko Nilichokiacha Makusudi

Mpendwa binti yangu Skola,

Hadi darasa la nne, nilipoachia shule, walikuwa wametufundisha kwamba barua inaanza na "mimi mzima wa afya, sijui wewe." Hii siianzi hivyo. Mimi si mzima, na habari zako ninazo. Ninazipata kwa Mama Zawadi, yule mama wa Kasanga anayetuletea samaki, migebuka ya ziwani, mnadani hapa Mwimbi kila Alhamisi. Tangu ulipoifungia namba yangu, yeye ndiye macho yangu huko ziwani. Ujumbe nikikutumia unabaki na tiki moja, umesimama kama kuku kwenye baridi, mguu mmoja juu. Kila asubuhi nafungua simu nitazame kama mguu wa pili umeshuka.

Leo Mama Zawadi amefika mapema. Kabla hajafunua hata beseni la kwanza ameniita pembeni akasema, "Mama Skola, mtoto ameandikishwa. Madaktari wa midomo wanakuja Sumbawanga wiki ijayo. Skola na mumewe wanapanda basi la Jumatatu asubuhi."

Nikamuuliza kama uzito wa mtoto umefika walikotaka madaktari.

"Umefika. Umepita kidogo."

"Na mimi? Amesema nini juu yangu?"

Akaanza kupanga samaki.

Kwa hiyo nimenunua daftari na kalamu dukani, nimekaa nyuma ya magunia ya mahindi, naandika. Mama Zawadi amesema akimaliza kuuza anaondoka, hasubiri mtu. Ana mabeseni matatu. Mwandiko wangu unaujua, unapanda mlima na kushuka, nivumilie. Na karatasi ikinuka samaki ujue ni njia iliyopita.

Nataka kukueleza ule ujumbe. Msamaha nimeshaomba. Nimeomba kupitia kwa mumeo, nimeomba kwa mama mkwe wako, nimeomba mlangoni kwako nimepiga magoti. Lakini kukueleza sijakueleza, na nimeona kuomba msamaha bila kueleza ni kama kumpa mtu chungu kilichofunikwa. Anaogopa kukipokea, hajui ndani kuna nini. Leo nafunua.

Unakumbuka nani alinifundisha kuweka vicheko kwenye simu? Ni wewe. Ulikuwa unashona pale Matai, mimi nina kile kitochi changu cha vitufe, na kila nilichokuandikia kilikufanya unipigie huku unahema. Siku ile uliponitumia lile pazia la maua, nilifurahi nikaandika, "Njoo nyumbani uone ulichofanya." Basi. Ukakodi bodaboda kutoka Matai, ukafika midomo imekauka, ukanikuta nimekaa natafuna mahindi ya kuchoma na pazia langu liko dirishani.

"Mama, nani amekufa?"

"Afe nani? Nilikuwa nakushukuru."

"Hivi ndivyo watu wanavyoshukuru? Nimekuja njia nzima nalia."

"Mbona mimi nilikuwa nacheka wakati naandika."

Ukakaa kwenye kigoda, ukavua viatu. Ukasema, "Kicheko chako kimebaki hapa jikoni, mama. Hakikuja na ujumbe."

Ndipo ukachukua ungo wenye unga wa ulezi, ukautikisa ukalala sawa, ukachora kwa kidole. Nukta mbili, hayo macho. Mabano, huo mdomo. Mdomo ukielekea huku mtu anacheka, ukielekea kule amenuna. Hivi : ) na hivi : ( . Ukaniambia nilaze shingo nimwone.

"Simwoni mtu," nikasema. "Naona matundu mawili na kitako cha kikapu."

"Laza zaidi."

"Shingo itakatika, Skola, utanizika na ungo."

Halafu nikamwona. Mtu mdogo amelala ubavu ndani ya unga, ananicheka. Nilishtuka hadi nikakushika mkono. Ukaniwekea sheria siku ile, nami nikaikubali kama nilivyokubali zile za komunyo. Ulisema, "Mama, wewe una utani mwingi, na uso wako haumo kwenye simu. Ukitania, weka anayecheka. Utani bila anayecheka ni tusi."

Nilishika. Hata mumeo alipokuja kujitambulisha akaniletea simu ya kupangusa, yenye vikatuni vimejaa kama vifaranga, nilikuwa naweka kila mahali. Ni kweli wakati mwingine nilikosea. Nilimtumia katekista ujumbe kwamba uji wa wagonjwa uko tayari, nikamwekea yule aliyebana midomo, mimi nilidhani anapuliza moto. Jumapili katekista akanisalimia kwa mbali, mikono ameiweka nyuma. Nilipokuonyesha ulicheka hadi ukaegemea ghala.

"Mama, umembusu katekista."

"Nilimpulizia moto."

"Basi ameungua."

Nakukumbusha haya ili ujue kitu kimoja. Sheria niliijua. Usije ukafikiri mama yako hakujua.

Beseni la kwanza limeisha. Wanunuzi leo ni wengi, wote wana njaa ya samaki siku ninayotaka wasinunue.

Sasa nikwambie ya bibi yako, mama yangu mimi, ambaye wewe unamkumbuka kidogo tu, ule ugoro wake na kikohozi. Wewe ulizaliwa nyumbani kwake. Mimba ya kwanza binti anarudi kwao, ndivyo tulivyofanya wote. Walipokuweka mbele yake, akakutazama, uso mgumu kama jiwe la kusagia, akasema, "Katoto kabaya. Kama panya aliyenyeshewa. Mmekatoa wapi haka?" Wanawake wote mle ndani wakaitikia: kabaya, kabaya kweli, karudisheni. Mimi mzazi nimelala pale nasikia raha hadi kwenye mifupa, kwa sababu nilikuwa nauona mkono wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika unyayo wako. Anaubana taratibu, anauachia. Anaubana, anauachia. Mdomo unatukana, mkono unasema kweli. Na mimi desturi ilinitaka nijibu, nikajibu: "Kamefanana na bibi yake."

Umeona mara nyingi yakifanyika kwa watoto wa jirani, si mambo mageni kwako. Kwetu mtoto mchanga hasifiwi. Ukimsifu kuna kinachosikia, na kikishajua una kitu kizuri kinakuja kukitazama. Ni nini hicho, mimi sijui. Padre anasema hakipo. Mimi nasali rozari yangu kila jioni na mtoto mchanga bado simsifu. Na katika mambo hayo sharti ni moja: usicheke. Ukicheka, kinachosikia kinajua unatania, na kazi yote imepotea.

Sasa unaanza kuona tunakwenda wapi.

Ilikuwa mwezi wa saba, lile baridi la kukatisha masikio. Nilikuwa nje na jirani Mama Oliva tunapukuchua mahindi. Simu ikalia mfukoni kwenye sweta. Nikafuta mikono, nikafungua, nikamwona. Mlikuwa mmemfunga kanga hadi puani, kwa ajili ya baridi, mimi nikadhani. Nikaona macho yamefumba. Nikaona paji la uso la baba yangu, lile lile, na nywele zimelala kama nyasi zilizopitiwa na umande. Skola, nimeona watoto wengi, nimewapokea wengine kwa mikono yangu. Nilisema moyoni: huyu ni mzuri kupita wote. Na nikaogopa pale pale. Nilivyoogopa, ni kama mtu ameweka sahani imejaa ukingoni mwa meza.

Mama Oliva akanyoosha shingo. "Lete nione. Heee. Kabaya sana haka."

"Kabaya," nikasema.

Nikaandika. Maneno unayajua, labda unayajua kuliko Baba Yetu, lakini nayaandika tena kwa mkono wangu ili nisiyakimbie: "Nimekaona. Katoto kabaya haka. Kafunikeni watu wasikaone. Mngezalia nyumbani kangekuwa na sura."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya yule anayecheka hadi machozi. Nilikuwa nimekaribia kumgusa. Nikakiondoa kidole.

Mumeo anadhani nilisahau. Nilimwacha adhani hivyo, maana kusahau ni kosa dogo. Sikusahau, mwanangu. Nilikiacha kile kicheko makusudi. Niliona nikikiweka nitakuwa nimemfunua mtoto, nitakuwa nimepiga kelele kwa hicho kinachosikia kwamba huyu nasema kabaya lakini ni kazuri. Nikasema nitasimama na uso mgumu kama mama yangu. Nikatuma. Nikarudi kwenye mahindi, najisikia nimemlinda mjukuu wangu.

Nilichosahau ni mkono. Mama yangu alinyima kicheko lakini mkono aliutoa. Mimi nilinyima vyote viwili.

Hiyo ni sehemu moja ya chungu. Kuna nyingine chini, nayo imeungua. Lile neno la mwisho, la mngezalia nyumbani, halikuwa la kumlinda mtoto. Lile lilikuwa langu. Nilikuwa nimekuandalia chumba. Nilikuwa nimepaka kuta udongo mweupe, nimetenga ulezi wa uji wako, nimemwambia kila mtu jumuiyani kwamba Skola anarudi kuzaa. Ukasema hospitali iko karibu na kwa mumeo, ukasema safari ya kupanda ile milima na tumbo inakutisha. Ulisema kwa adabu na ulikuwa sahihi. Mimi nikasema sawa, nikaweka na anayecheka. Yule anayecheka alikuwa mwongo. Sikuwa nacheka. Kwa hiyo siku nilipotania kweli sikuweka kicheko, na siku niliyonuna nilikuwa nimekiweka. Hukukosea kuusikia mwiba ndani ya utani wangu. Mwiba ulikuwemo.

Nilingoja jibu. Zile tiki zikawa za bluu. Nikamwambia Mama Oliva, "Sasa hivi ataniambia kamefanana na bibi yake." Tukangoja na ile furaha ya kumngoja mtu aingie kwenye mtego wa mchezo. Mahindi yakaisha. Jua likazama. Kesho yake bado. Nikatuma, "Mbona kimya, mama panya?" na hapo nikaweka wanaocheka watatu. Mungu wangu, Skola. Watatu. Na huo ndio ujumbe wa mwisho kufika.

Siku ya tatu nikampigia mumeo. Akapokea, nyuma nasikia mashine ya boti.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Kuna nini huko?"

"Mama, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Dada yangu hakukupigia asubuhi ile, kabla ya picha?"

"Hakuna aliyenipigia."

Akasema, "Mtoto amezaliwa mdomo wa juu umepasuka, hadi puani. Skola alishindwa kukwambia mwenyewe. Akamwomba dada akupigie kwanza, halafu yeye ndiyo atume picha. Kumbe dada mtandao ulimkatalia, akaona aibu kusema. Skola alituma akijua unajua. Alikuwa anangojea neno lako, mama."

Nilikaa chini kwenye magunzi. Nikaufungua ujumbe wangu nikausoma tena, safari hii kwa macho yako. Kabaya. Kafunikeni. Kangekuwa na sura. Nikaona umeketi kitandani, siku mbili tu baada ya kuzaa, maziwa yanakutoka na mtoto hawezi kushika chuchu, simu iko mkononi, unangoja mama yako aseme neno. Na mama yako akasema lile.

Nilikuandikia hapo hapo. Nilituma wale wanaolia, kumi, ishirini, mstari mzima wa machozi hadi simu ikagoma kusogea. Tiki moja.

Wiki ya pili nikaja Kasanga. Hilo ulilisikia kwa masikio yako, ila hukuniona, basi nikwambie upande wangu wa mlango. Nilikuwa na debe la unga wa ulezi na jogoo. Mama mkwe wako alinipokea vizuri, akanipa kiti kivulini, akanipa chai. Mlango wa chumba chako ulikuwa umefungwa, na chini yake niliona kivuli cha miguu yako kinakwenda na kurudi. Nikamweleza yeye, kwa sababu wewe hukutaka.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mama Skola, sisi huku mwambao tumekaa na Waislamu tangu tuzaliwe. Tukiona mtoto mzuri tunatanguliza mashaallah, ndiyo tunamsifu. Ninyi kule juu mnatanguliza nini?"

"Tusi," nikasema.

Akakoroga chai yake, na sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Na mtu atajuaje kwamba ni sifa?"

"Kwa mkono. Unamshika mtoto unyayo."

Akaitazama mikono yangu. Ilikuwa juu ya magoti, haina kitu. Akasema, "Mkono hauingii kwenye simu, mwenzangu." Alisema kwa upole. Afadhali angenifokea.

Ndipo mtoto akalia. Kilio chake nilikuwa sijawahi kukisikia, kina upepo ndani, kama mtu anayepuliza chupa. Miguu yangu ikanyanyuka yenyewe. Nikaenda nikapiga magoti mlangoni kwako, mimi niliyekuzaa, mama mkwe wako anaona na majirani wanaona. Nikasema, "Skola, mwanangu, nifungulie nimwone."

Ukajibu kwa sauti ndogo. Ningependa ingekuwa na hasira. Ulisema, "Si ulisema kafunikwe, mama? Nimekafunika."

Njia yote ya kurudi, basi linapanda milima, nilikuwa nageuza maneno yako. Hukusema kwa kisasi. Ulisema kama mtoto aliyetumwa akatii. Hilo ndilo linaloniamsha.

Beseni la pili limeisha, la tatu limefunguliwa. Mama Zawadi amenitazama akainua nyusi. Kalamu hii inaniuma vidole, sijaandika hivi maisha yangu yote.

Nimefikiri sana juu ya vile vikatuni. Mwanzo nilivichukia, nikasema ni michezo ya watoto wa mjini, imenitenganisha na binti yangu. Halafu siku moja nilikuwa napepeta ulezi kwenye ungo ule ule, nikakuona unachora. Nikaelewa. Wewe hukuwa unanifundisha mchezo. Ulikuwa unanipa mkono wa kutuma mbali. Ulijua mama yako anasema mambo magumu na kufanya mambo laini, ulijua ukiwa mbali utapata yale magumu tu, ukanitafutia cha kubebea yale laini. Nami siku uliyokihitaji nilikificha, kwa kuogopa kitu ambacho sijawahi hata kukiona.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo pananitetemesha.

Mama Zawadi amenieleza wanavyofanya. Mtoto hatakiwi kunyonya saa kadhaa kabla. Atalia njaa na hutaruhusiwa kumpa. Halafu watamchukua, wampe dawa ya kulala, wewe ubaki nje kwenye benchi. Nimekaa kwenye benchi kama hilo, baba yako alipopasuliwa, na nakwambia linakaliwa na watu wawili. Mmoja hawezi. Mumeo ni mtu mwema, atakaa, lakini atakuwa anatembea tembea, wanaume hawajui kukaa kwenye benchi. Unamtaka mtu wa kukaa tu. Mimi naweza kukaa. Sitasema neno. Unajua ninavyosema sana, lakini nitanyamaza, utashangaa.

Siji kwa nguvu. Nilikuja kwa nguvu mara moja, nikakubana chumbani kwako mwenyewe. Jumatatu nitakuwa stendi ya Matai tangu alfajiri, nimevaa lile sweta la kijani na nina kikapu, uji wako utakuwa kwenye chupa ya chai. Basi lenu likisimama mimi sitasogea mlangoni. Nitasimama pale wanapouzia viazi, upande wa madirisha. Sikuombi unisalimie. Sikuombi unionyeshe uso wake, uso wake ni wako hadi siku utakayotaka. Mfunike kama unaona upepo, usipotaka usimfunike. Ukinitaka, mtoe mguu dirishani. Unyayo tu. Nikiuona nitapanda. Nisipouona, basi litaondoka, mimi nitampa dereva wa bodaboda uji ule anywe, nitarudi Mwimbi nisali, na nitabaki kuwa mama yako, hilo halina dirisha.

Kimebaki kitu kimoja, nimekiogopa tangu ukurasa wa kwanza. Nilimweleza Mama Oliva jana kwamba nikipata njia nitakisema, akashika mdomo. "Kabla ya kupasuliwa? Mama Skola, ngoja apone kwanza, ndiyo useme." Usiku nimegeuka kitandani hadi majogoo. Mama yangu hakuwahi kukisema juu yangu. Mimi sikuwahi kukisema juu yako, hadi leo una mtoto. Ulikua ukisikia kabaya, kabaya, na mkono. Labda mkono ulitosha wakati ule kwa sababu hukuwa mbali.

Nakiandika hapa, kwa wino, mchana kweupe, katikati ya mnada, na kinachosikia kisikie.

Mwanao ni mzuri. Alikuwa mzuri kwenye picha, mzuri chini ya kanga. Ni mzuri leo kabla daktari hajamgusa, na mdomo wake ulivyo. Na wewe ulikuwa mzuri, Skola. Ulikuwa katoto kazuri kuliko vyote mle ndani, na kila mtu aliona, na hakuna aliyekwambia.

Siweki anayecheka, kwa sababu sitanii. Siweki anayelia, ingawa nalia, na mwenye viazi hapa pembeni ananiuliza kama nimepata msiba. Nimemwambia hapana, nimepata mjukuu.

Geuza ukurasa huu. Nyuma nimeweka mkono wangu wa kulia juu ya karatasi nikauzungushia kalamu. Kidole gumba kimekaa vibaya, ni kile kilichokatwa na jembe, unakijua. Usiku akilala, uchukue unyayo wake uuweke hapo katikati ya kiganja. Jina lake sijui, hujanitajia, kwa hiyo mwambie tu huyu ni bibi.

Mama Zawadi anakunja turubai. Ananinyooshea mkono.

Mimi mama yako,
bibi wa mtoto mzuri.